Herufi Nene za Kulala

Kwenye kibanda changu cha matangazo pale Chang'ombe nina kompyuta yenye fonti chungu nzima, na natumia moja. Ni nene, haina vijimkia kwenye ncha wala madoido, na imeinamia kulia kama mtu anayesukuma mkokoteni. Wateja wanaiita "zile nene za kulala", ingawa sijaona kitu chenye haraka kama zile herufi. Aliyezichora, popote alipo, bila shaka alikuwa akifikiria mashindano ya magari. Mimi nimezitumia kwa chipsi kuku, mkutano wa injili, masomo ya ziada, dawa ya kunguni na pole za msiba. Marehemu wa watu nimewaandika wakiwa wameinama mbele, kana kwamba wanachelewa kuzikwa. Hakuna aliyelalamika. Watu wa hapa wakiona herufi iliyosimama wima wanadhani ni notisi ya serikali.

Kwa hiyo mama mkubwa, dada yake mama yangu, aliponiita Mwananyamala nimwandikie ukuta, nilikwenda na majivuno yangu yote. Mama mkubwa ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza. Mumewe alikuwa amefariki, na mdogo wa marehemu alikuwa ameanza kuleta madalali kuitazama nyumba wakati mama mkubwa akiwa kanisani. Shemeji huyo aliletwa mjini akiwa mdogo, akalelewa humo humo ndani, na mama mkubwa ndiye aliyemfundisha kusoma. Nyumba waliijenga yeye na mumewe kidogo kidogo, kwa miaka, na hana pengine pa kwenda. Alitaka yale maneno yaliyojaa kwenye kuta za jiji hili: nyumba hii haiuzwi.

"Andika tu ionekane, mwanangu," alisema. "Sitaki makuu."

Kuniambia mimi nisiweke makuu ni kumwambia mpiga debe anong'one. Nilipaka ukuta rangi ya njano. Nikachapa herufi kwenye karatasi ngumu, nikazikata, nikazipigia rangi nyekundu, zote zimelala kuelekea barabarani. Neno NYUMBA nililifanya kubwa kuliko yote, maana neno la kwanza ndilo linalovuta mteja. HII HAIUZWI nikayabana chini yake. Na kwa kuwa sijawahi kumaliza tangazo bila namba ya simu, nikaweka ya mama mkubwa, bila kuulizwa, kwa ukarimu wangu tu. Nikarudi nyuma hatua kumi kuangalia. Ilikuwa kazi nzuri mno. Nilipiga nayo picha.

Kesho yake simu zikaanza.

"Mama, habari za leo. Nimeona nyumba hapa. Mwisho ngapi?"

"Imeandikwa haiuzwi."

"Nimesoma, mama yangu, shikamoo. Ila mwisho ngapi?"

Aliwajibu wote kwa heshima, mmoja mmoja, kama anayefundisha irabu. Dalali mmoja alimshauri asikaze sana, soko lenyewe gumu.

Jumamosi shemeji akaitisha kikao cha ukoo, sebuleni kwa mama mkubwa, akaja na picha ya ukuta kwenye simu yake.

"Shemeji katangaza mwenyewe," akasema. "Namba yake, simu zinaingia kila saa. Sie tunabishana nini tena?"

Simu ikapita mkono kwa mkono. Ikamfikia babu mmoja wa upande wa marehemu, aliyekuwa amesahau miwani. Akaisogeza mbali na macho, akaona njano, nyekundu, NYUMBA na namba.

"Sasa mnataka kiasi gani?" akauliza.

Mama mkubwa alikuwa anatazama viganja vyake, na mimi sikuwahi kumwona akiinamisha kichwa mbele ya mtu. Nilisikia aibu. Nikasimama kumtetea.

"Namba niliweka mie," nikasema. "Nimezoea. Kwenye matangazo huwa naweka."

"Mmesikia wenyewe," akasema shemeji. "Tangazo."

Huo ndio ulikuwa utetezi wangu. Nikakaa.

Mama mkubwa akainuka akatoka nje. Tulidhani amekwenda kulia. Tulipomfuata tukamkuta na ndoo ya rangi nyeupe iliyobaki walipopaka dari, anaifuta kazi yangu kwa brashi pana, NYUMBA kwanza. Nikamwomba nimsaidie.

"Kaa pembeni," akasema. "Herufi zako zina haraka ya kuondoka. Mimi siendi popote."

Jua likaukausha ukuta tukiwa tumesimama pale, ukoo mzima, hakuna aliyethubutu kurudi ndani. Kisha akachukua kopo la rangi nyeusi ya nondo za madirisha na brashi nyembamba, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: herufi ndogo, za mviringo, zimesimama wima, zote kimo kimoja. Nyumba hii haiuzwi. Akaweka nukta. Kwa utaalamu wangu wote sijawahi kuchora kitu kilichotulia vile.

Akageuka, akamwelekezea shemeji mpini wa brashi.

"Soma."

Shemeji akatutazama sisi, akatazama chini.

"Soma, wenzako wasikie."

Akasoma. Kwa sauti, neno kwa neno, mikono nyuma.

"Kumbe haiuzwi," akasema babu asiye na miwani, akaanza kutafuta viatu vyake.