Msiriba Kuta wa Usevya

Mwanamke aliyesiriba kuta za nyumba za Usevya alikuwa na viganja vipana, na udongo mweupe haukumtoka kwenye kucha hata siku ya misa. Hakuanza kazi kabla ya kukaa kimya chumbani, akiupapasa ukuta kwa mgongo wa mkono kama mama anayepima homa ya mtoto. Aliongea kwa sauti ya chini, nusu akiimba, usijue anaongea na mwenye nyumba au na ukuta.

Klementina alimtazama hivyo kutoka kitandani. Tangu amzike mumewe wakati wa mvua za elnino, alishinda amelala akiukodolea macho ukuta uliowiva kwa moshi, na uji aliopikiwa na dada yake ukapoa bila kuguswa. "Sogea kidogo, mwenzangu," akasema yule mwanamke, kisha akajilaza kando yake, akatazama kile alichokuwa akikitazama Klementina. Kisha akainuka. "Nyie," akamwambia dada mtu, "mmemzika na huyu."

Wakakigeuza kitanda kielekee mlangoni, wakazibua kidirisha kilichozibwa kwa matofali. Viganja vikazunguka ukutani taratibu vikiacha mawimbi meupe, na mwanga kutoka mashamba ya mpunga ukaingia, ukawa unayumba juu ya mawimbi hayo kama usingizi wa mchana. Klementina akaufuata kwa macho, hata akajikuta ameketi.

"Pale pembeni ukuta umeparuka," akasema.

Mwanamke hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma yake, kiganjani donge la udongo mbichi, na Klementina akashuka kitandani kulipokea.