Waya Nilioufungua Siku ya Mazishi

Kanisani kwetu hapa Birmingham bado wananiita Injinia, lakini siku hizi wakilitamka jina hilo wanaangalia kando, na sina wa kumlaumu. Aibu hii niliitafuta mwenyewe, kwa bisibisi yangu mwenyewe, mbele za watu, na kama ingekuwa aibu peke yake jamani ningekuwa nimeshaicheka.

Dada Wakesho, tunayefanya naye kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, alifiwa na mama yake kwao Taita, na hangeweza kusafiri kwa sababu kibali chake cha kukaa huku kilikuwa bado kinashughulikiwa (ukitoka hurudi, na watoto unamwachia nani?). Basi tukapatana tumkusanyikie katika ule ukumbi wa Balsall Heath tunaokodi kila Jumapili, zamani ulikuwa karakana, halafu kaka yake Mwakio apige simu ya video kutoka kaburini nasi tuiweke kwenye projekta. Wakesho alikuja na bakuli la udongo. Alikuwa ameuchota nyuma ya nyumba yake Kings Heath, ili jeneza likishateremshwa, ndugu zake wakitupia udongo kule, na yeye atupie huku kwenye beseni tulilomwekea mbele, pamoja nao. Hakutaka kitu kingine. Alituambia, "Nikishatupia na wenzangu, nitaweza kulala."

Siku yenyewe ilikuwa na baridi ya kuuma, hita zote zimewashwa, mabirika ya chai yanachemka jikoni, na Pasta akaniuliza kama stima itahimili. Mtu mwenye akili angesema sijui, akakaa. Mimi nikasema ngoja niangalie. (Mjue ujuzi wangu wote ni kufunga taa na soketi za nyumba kule Nakuru kabla sijaja huku kuogesha wazee, lakini ukiitwa Injinia kila Jumapili kichwa nacho kinavimba.) Nikaenda kwenye bodi kubwa ya stima ukutani, nyuma ya viti, kila mtu ananiona, nikafungua kifuniko kidogo cha pembeni, nikakuta mahali pa mita iliyong'olewa zamani na nyaya mbili nyembamba ambazo ncha zake zimeunganishwa kwa kipande cha shaba. Sasa kwetu sisi mafundi wa nyumba, nyaya mbili zikigusana namna hiyo ni shoti, na shoti ndiyo huchoma nyumba. Nikamwita hata Pasta aje aone. Nikamwambia Mungu ametuokoa, aliyefanya kazi hii angetuua.

Kule Taita walikuwa wanaimba, jeneza limewekwa juu ya kaburi, na Wakesho amesimama mbele na bakuli lake. Akageuka akaniambia kwa upole, "Baba Neema, si ungoje wamalize?" Sikio la kufa halisikii dawa. Nikamjibu ni dakika moja tu, nikalegeza skrubu, nikakivuta kile kipande cha shaba.

Cheche iliyotoka pale sijawahi kuiona. Haikuwa ya kupasuka mara moja ikaisha kama fyuzi, hii iliendelea kunguruma, mkono wangu ukatupwa ukagonga ukuta, nami nikaangukia viti na kujikojolea (wacha niseme tu, wamama wote waliona), na moshi mweusi ukaanza kutoka nyuma ya bodi. Mtu akashusha swichi kuu, ukumbi ukawa giza, king'ora cha moto kikalia, tukatolewa nje mbio mbio, simu ya Wakesho ikabaki ndani imechomekwa kwenye projekta.

Zimamoto wakafika wakazuia mlango. Namba ya Mwakio hakuna mwingine aliyekuwa nayo, ilikuwa kwenye simu ile ile (siku hizi nani anashika namba kichwani?). Wakesho alikuwa bado amekumbatia bakuli. Hakulia, wala hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa vile mimi nimezika wengi, saa hii watakuwa wamefika wapi. Nami, nimefungwa koti la Pasta kiunoni kuficha suruali, nikamdanganya kwamba bado wanaimba, nyimbo za kaburini huwa ndefu. Akaniamini, akasimama kando ya barabara akingoja, vidole vyake ndani ya udongo.

Mwenye jengo naye akaja, Mzee Harjit, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake bado ni cha kule. Akauliza nani ameigusa ile shaba. "Niliifunga mimi mwenyewe," akasema. Akanieleza kwamba kebo kubwa ya jengo inapita ndani ya kitu kama pete, wanakiita CT, kinachoupunguza mkondo ili mita iweze kuupima, na ukiondoa mita ni lazima nyaya zake uziunganishe, maana ukiziacha wazi na kebo ina mzigo, kama zile hita na mabirika yetu, volti zinapanda pale mpaka za kuua mtu. Kumbe ile niliyoiita shoti ndiyo iliyokuwa inatulinda Jumapili zote hizo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hatimaye simu ikatolewa. Wakesho akapiga, akaweka spika, na sote tukasikia nyuma ya Mwakio watu wakicheka kidogo na sahani zikigongana, vile watu hufanya wakishatoka kaburini.

"Tumeshamaliza, dada," akasema. "Tuliona umekata. Mama mdogo akasema tukuache, umeshindwa kumwangalia mama."

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye simu, mdomo ukakataa kufunguka. Wakesho akanitazama, akaitazama suruali yangu, akamjibu kaka yake, "Ndiyo. Nilishindwa." Kisha akanipa lile bakuli, akaenda kutafuta basi.

Mkono ulipona. Bisibisi nimezigawa zote, na nimeapa kwamba nikikuta kitu kimefungwa na mtu mwingine, hata kamba ya mbuzi, nitauliza kwanza kilifungwa kwa nini. Udongo uko kwangu, sijui niumwage wapi. Na kwao Taita mpaka leo wanaamini alishindwa kumwangalia mama yake. Namba ya Mwakio sasa ninayo, nimeishika kichwani. Bado sijampigia.