Kichwa cha Mshubiri wa Mama

Juzi nilipita Ndia Kuu, kule mji wa kale, kumnunulia mwanangu kanzu, nikaona kwenye mlango wa duka moja la vinyago mshubiri umepandwa ndani ya chungu cha kauri, majani yamepanguswa yanang'aa. Mwenye duka alinikaribisha vizuri, maskini. Nilimjibu kwa ukali hata akashtuka, nikajiendea zangu. Wewe unijuaye utacheka: bado tu? Bado.

Wetu ulikuwa katika mkebe wa samli, kwenye roshani ya nyanya, miaka ya tisini. Mama aliupanda nilipokuwa tumboni mwake, maana kwetu mtoto huachishwa ziwa kwa shubiri: mama hujipaka utomvu wake, mtoto akionja ule uchungu, basi. Mama hakufika huko. Alifariki nikiwa bado nanyonya, na hata picha yake moja hatukuwa nayo.

Mtaa mzima ukaachisha watoto kwa mshubiri ule. Jirani alikuwa akipiga hodi alasiri, harufu ya mahamri ikipanda ngazi pamoja naye, na nyanya akimvunjia jani. La chini siku zote. La juu haliguswi. Kazi yangu ilikuwa kuunywesha maji kidogo kwa kikombe cha bati na kuutegemeza kwa ufito, kwa kuwa kwa kuvunjwavunjwa ulibaki shina tupu lenye shungi, umeinamia njia.

Siku moja shangazi, dadake baba, akaja kupamba nyumba. Wageni wa posa ya bintiye walikuwa waje jioni, na nyanya alikuwa ameenda matangani. Shangazi akautazama mshubiri.

"Huu nao! Kama kuku aliyenyonyoka shingo." Akachukua kisu cha jikoni.

"Wa mama huo, shangazi!" nikapiga kelele.

"Mamako yuko peponi, hana haja na mshubiri."

Akaukata kichwa, akampa mzoa taka, na mkebe na shina lake akampa pia. Mahali pake akaweka maua ya plastiki. Baba alikuwa pale pale sebuleni, akipuliza kahawa yake.

Nyanya aliporudi alishika kiuno. "Kukata si kosa, mwanangu. Ulitaka kukatwa tangu zamani. Kitwa huwekwa kivulini hata donda likauka, kisha hutiwa mtangani kikatoa mizizi, na shina nalo huchipuza. Wewe umetupa vyote!"

Nilishuka ngazi mbio, bila viatu. Mkokoteni wa taka ulikuwa umekwenda. Jioni wageni walikula biriani, wakayasifu maua.

Siku hizi roshani zenyewe zinaporomoka, na majirani waliokuwa wakipiga hodi wamehamia Kisauni na Likoni. Hayo nayavumilia, ndiyo dunia. Watu huniambia hasira hasara. Hasara ilitangulia, nawajibu. Shangazi alipofariki nilimwombea, na baba nilimuuguza mpaka mwisho, lakini sikumwuliza kwa nini alinyamaza. Nilichelea angeniambia kuwa hakumbuki. Mchanga wa mkebe ule ulishindiliwa na mkono wa mama, na mimi mkono huo siujui hata ulikuwaje.