Saa ya Panya wa Mwalimu Kisanga

Alfajiri ile, kama kawaida yangu, usingizi ulinichukua wakati wenzangu wanaamka. Miaka tisa nilioka mikate zamu ya usiku. Kazi niliiacha mwezi uliopita, lakini mwili wangu ni mbishi, haujapokea taarifa. Usiku kucha nilikuwa nimewasha taa, nikideki na kupiga pasi ili nichoke. Juma lile mjukuu wangu Neema, wa miaka minne, alitoka nje nikiwa nimelala mchana, jirani akamkuta barabarani. Mama yake, binti yangu Rehema, akanipa hadi Jumamosi: nikiendelea hivi, anamchukua mtoto. Na mimi sina mwingine wa kuishi naye.

Basi nikalala, nikajikuta chuoni, kwenye chumba cha panya nilichokuwa nikikisafisha zamani, kabla ya kazi ya mikate. Mwalimu Kisanga, bosi wangu wa wakati huo, ambaye tulimzika, mimi mwenyewe nikimlilia, amekaa kwenye stuli na koti lake jeupe. Sikuogopa. Nilifurahi kiasi cha kutaka kulia.

Katika kila kizimba panya anakimbia ndani ya gurudumu dogo. Mwalimu alipenda kunieleza kwamba kila mnyama ana saa mwilini. Mwanga huisogeza, mbio nazo huisogeza, na vikikutana, iende mbele au irudi nyuma hutegemea vimekutana wakati gani. Enzi hizo niliitikia tu huku nikiwazia ndoo yangu.

Sasa chumba kinarefuka. Vizimba vinakwisha, kinabaki kimoja, kikubwa kama jiko langu. Ni jiko langu. Taa inawaka, gurudumu linazunguka, na anayekimbia humo ni mimi, dekio mkononi, miguu imelowa.

"Mama Rehema," anasema Mwalimu, polepole, kama alivyosema kila nilipokosea. "Nani amekuwashia taa saa hizi?"

"Nimewasha mwenyewe, Mwalimu. Natafuta usingizi."

"Na unakimbia."

"Nakimbia ili nichoke."

Anatikisa kichwa. Anazima taa, anagusa gurudumu kwa kidole kimoja, linasimama. Naona aibu gizani. Kisha dirisha linafunguka pale ambapo hapakuwa na dirisha, na jua la asubuhi linajaa sakafuni.

"Kimbilia hapa," anasema. "Mwanga huu na miguu yako, kwa pamoja. Usiku viache vyote viwili."

Nataka kumuuliza kama huko aliko kuna asubuhi. Ameshatoka.

Niliamka. Ilikuwa saa moja na nusu tu asubuhi, na mwili ulinisihi nilale tena. Neema alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, amevaa viatu, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto. Hakuwa amenigusa. Nikaelewa kwamba kila asubuhi hukaa hapo akinisubiri, na moyo uliniuma vibaya.

Nilivuta pazia, nikamrekebishia viatu.

"Bibi, leo hulali?"

"Leo tunatembea, mama."

Tukatoka juani, yeye mbele akinivuta mkono, mimi nyuma nikipiga miayo.