Siagi ya Miguu ya Mama

Ule mlio wa kibuyu cha maziwa kikitikiswa, kwachu kwachu, hunirudia kila ninaponusa siagi mbichi. Siku moja mama alikuwa ametoka kukata majani ya ng'ombe kule tambarare, visigino vimempasuka. Akautua mzigo mlangoni, akachota siagi, akaanza kujipaka polepole.

“Wifi, utu uzima huo na siagi miguuni! Unaolewa tena?” shangazi, aliyekuwa akitikisa kibuyu, akamcheka.

“Watoto wamekula, kaka yako amekula. Leo na miguu yangu nayo ile. Siinuki.”

Mara ng'ombe akalia njaa. Mama akaanza kufuta mikono.

“Kaa, mama!” nikamzuia.

Mzigo ulinizidi kimo, basi nikaufungua, nikayabeba majani kidogo kidogo, peke yangu, mpaka ng'ombe akanyamaza.