Miundu Mitatu Niliyoipeleka Java

Nilitoka Kibera kwenda Java kwa sababu ya nyundo ya umeme. Nalisema hili mapema, maana kuna majirani hapa Makina, mtaa wetu wa Kibera, wanaodhani nilikwenda kutafuta elimu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, shirika moja lililokuwa likisaidia mafundi wa jua kali lilinichagua nikakae majuma matatu katika kijiji cha wakulima kisiwani Java, huko Indonesia, nikawaonyeshe zana zangu za shamba. Wakulima wakizikubali, na hilo likaandikwa kwenye ripoti, karakana yangu ingepewa hiyo nyundo ya umeme, mashine ya kufulia chuma. Basi nikafua miundu mitatu kwa springi ya lori, nikainoa mpaka ikanyoa nywele za mkono. Mimi ni Mnubi, babu yangu alikuja hapa na jeshi la Waingereza, na fundi wa Kinubi asiyejisifu bado hajazaliwa.

Asubuhi ya kuondoka, Otieno alinibebea mfuko mpaka barabarani. Otieno wa Kisumu Ndogo, mtaa mwingine wa Kibera, alikuwa amenigongea nyundo miaka tisa: mimi nashika koleo, yeye na wenzake wawili wanapiga.

"Fundi, hiyo mashine inafanya kazi ya watu wangapi?" aliniuliza.

"Wanasema wanne."

"Na sisi tuko watatu." Akacheka. "Manze, ikikuja sisi tutagonga nini? Ukuta?"

Nami nikacheka, nikapanda gari.

Kutoka uwanja wa ndege wa Embakasi nilipanda ndege mbili, na kutoka Jakarta nikakaa ndani ya treni siku nzima. Stesheni nilipokewa na mwalimu Hadi, kijana mpole aliyejua Kiingereza, ndiye aliyekuwa mdomo wangu na masikio yangu mpaka siku ya mwisho. Tukaendelea kwa basi, kisha kwa miguu, miundu yangu ikigongana mfukoni.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, tulimaliza kilima cha mwisho, na hapo nikasimama. Sikuamini macho yangu. Mlima mzima ulikuwa umekatwa ngazi toka juu hadi bondeni, na kila ngazi ni shamba la mpunga. Mengine yalikuwa mabichi, mengine yamejaa maji yanayoonyesha mawingu, mengine yameiva. Kazi ile ilifanywa kwa jembe na mikono, alisema Hadi, na babu za babu zao. Nikaivua kofia yangu bila kujua namvulia nani.

Kilichonishangaza zaidi ni maji. Yalishuka kutoka shamba la juu hadi la chini kupitia vipande vya mianzi, bila kufuli, bila mlinzi. Mimi nimeona watu wazima wakipigana bombani Soweto, hapa hapa Kibera, kwa ajili ya mtungi mmoja.

"Nani anayagawa?" nikauliza.

"Wa juu akitosheka, anamfungulia wa chini."

"Na akikataa?"

Hadi akafikiri. "Siku akifiwa, nani atakuja kumchimbia kaburi?"

Kijijini hapakuwa na umeme. Nyumba zilikuwa za mianzi iliyosukwa, na watoto walinifuata kwa foleni wakitaka kugusa nywele zangu. Nikatoa salamu, "Asalaam alaykum," na kila mlango ukaitikia. Nilikuwa mbali na kwetu kuliko mtu yeyote wa ukoo wangu tangu babu, na bado nikaitikiwa!

Nilikaa kwa Pak Karto, mwenye ngazi kadhaa za mpunga. "Pak" ni kama sisi tunavyosema mzee. Jirani yake alikuwa Ibu Sumi, yaani Mama Sumi, mjane asiye na shamba, mwenye mbuzi mmoja. Alikuja na muhogo wa kuchemsha uliopakwa nazi na sukari, akaniuliza kupitia Hadi kwetu tunalima nini.

"Kibera? Tunalima watu," nikasema. "Tena tumewapanda karibu karibu."

Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga yake. Tangu hapo nikawa mgeni wake pia.

Siku ya tatu kijijini ilikuwa ya mavuno katika shamba dogo la Pak Karto. Wanawake kama thelathini walishuka ngazi, na sikusikia mtu akiwaita. Kila mmoja alificha kiganjani kisu kidogo kama kidole gumba, kilichopachikwa kwenye kijiti. Wakaanza kukata mpunga suke moja moja. Suke moja moja, jamani! Shamba la kumalizwa na watu watano. Niliwahurumia, na moyoni nikafurahi: hawa hawajaona mundu, mashine yangu ndiyo hii.

Nikaingia na mundu wangu. Nikainama, nikakata, nikakata, wana wawili wa Pak Karto wakishangilia. Kwa muda mfupi tu nilikuwa nimelaza kipande ambacho wale mama wangekifikia adhuhuri. Nikainuka kungoja makofi. Wanawake wote walikuwa wameacha kukata. Ibu Sumi alikitazama kipande nilichokikata, akaondoka shambani, akapanda kwake.

Alirudi na mundu. Mpini wake ulikuwa mweusi kwa jasho la miaka. Akanipa mkononi, nami nikaupima makali kwa kidole kama fundi. Damu ikatoka.

"Tunayo," alisema. "Ya nyasi za mbuzi."

Hadi alinivuta kando. "Wazee husema mpunga una roho ya mwanamke, ukiona kisu kikubwa unashtuka, ndiyo maana kinafichwa. Lakini kuna jambo la pili. Kila anayevuna hupata fungu lake la mpunga. Ibu Sumi hana shamba. Wali wake wa mwaka mzima unatoka kwenye mafungu hayo. Kwa mundu, wanaume watano wanatosha."

"Kwa hiyo wanajichelewesha makusudi?"

"Hawajicheleweshi," alisema. "Wanaenea, kila mmoja apate fungu."

Alasiri Pak Karto aliniita barazani. Kesho ni zamu ya shamba kubwa la chini, alisema. Alitaka tulivune kwa ile miundu mitatu, mimi na wanawe wawili. "Nami nitaandika kwenye karatasi yako kwamba miundu yako ni mizuri."

Mashine yangu yote ilikuwa mdomoni mwa mzee yule. Ibu Sumi alikuwa mlangoni na mzigo wa kuni; alisikia kila neno. Akautua taratibu, akabaki ameutazama. Nikamkumbuka Otieno barabarani, na swali lake nililolicheka. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda masikioni.

"Mzee," nikasema, "kesho naomba nivune na kina mama. Miundu nampa Ibu Sumi, akatie nyasi."

Kwetu mgeni anayemkatalia mwenyeji hujifungia mlango. Pak Karto alimtazama jirani yake, akanitazama mimi, kisha akatikisa kichwa polepole na kucheka puani. "Sumi, mtafutie kisu huyu. Na uwaambie wenzako waje mapema, shamba ni kubwa."

Kesho yake nilivuna. Kufikia adhuhuri mganda wangu ulikuwa mwembamba kama mkia wa paka, na bibi mmoja asiye na jino alikuwa amenipita mara mbili, akiimba. Walinicheka mpaka nikajicheka. Fungu langu halikujaza bakuli, lakini Ibu Sumi alilipika kando kando na lake, na sijala wali mtamu kama ule.

Siku ya kuondoka alinipa kile kisu kidogo. Kwenye ripoti niliandika kweli: miundu wanayo, na ni mikali kuliko yangu. Mashine ilikwenda kwa fundi mwingine, na shirika halikuniita tena.

Jumatatu asubuhi nilifika karakanani Makina. Otieno alikuwa ameshawasha moto na kuweka chuma. Alichungulia nyuma yangu, barabarani.

"Niaje fundi. Mashine inakuja na lori?"

Nikampa kisu. Akakigeuzageuza. "Wanavuna na hii? Shamba yote?"

"Yote."

"Wako wangapi?"

"Wote."

Akanitazama, akingoja habari ya mashine. Nikachukua koleo, nikakitoa chuma motoni. Kilikuwa chekundu, tayari.

"Shika nyundo," nikamwambia. "Na uwaite wenzako."