Bendera ya Chura

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, nilipojifanya ndovu. Usicheke bado, ngoja nifike huko. Juzi ulikuja hapa nyumbani na wenzako wa kikundi cha kulima viazi, mkanionyesha kwenye simu bendera za vijiji vidogo vya Ujerumani. Moja ina bata, nyingine chungu, nyingine bitiruti na majani yake. Mlicheka mpaka chai ikamwagika. Halafu mkaniambia kwamba bendera ya kikundi chenu itakuwa na simba, na hapa Londiani hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumwona simba isipokuwa kwenye sarafu ya shilingi kumi. Siku hiyo nilinyamaza, lakini leo nasema.

Unajua kwamba mnyama wa ukoo wetu ni chura. Wengine wana ndovu, wengine nyati, wengine nyuki, sisi tukaangukiwa na huyu wa bwawani. Nikiwa kijana jambo hili liliniuma sana. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kitalu cha miche ya msitu, na kila nilipofungua mdomo kutoa maoni wenzangu walinikatiza: "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji!" Basi nilipompenda Chebet, msichana wa Bomet aliyekuja kumtembelea shangazi yake huku kwetu, niliapa kwamba hatasikia habari za chura. Aliponiuliza mnyama wetu ni nani, nikajibu bila kupepesa macho, "Ndovu."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata Kericho. Chebet alirudi kwao, akamweleza baba yake, na baba yake akashika kichwa. Kumbe wao ndio ndovu! Na kwetu, watu wa mnyama mmoja ni ndugu, hawaoani. Ujumbe ukaletwa na yule shangazi: nimsahau dada yangu. Dada yangu! Nililia, mwanangu. Nililia nikimwagilia miche, na sikujali ni nani ananiona.

Pale kitaluni tulikuwa na Mjerumani mmoja, Bwana Otto, mtaalamu wa miti. Siku zile zile akaletewa kifurushi kutoka kwao, na ndani mlikuwa na bendera ya kijiji chake. Akaitundika juu ya mlango wa stoo. Ilikuwa ya kijani na nyeupe, na katikati chura mnene, amekaa kama chifu barazani. Tukaangua kicheko sote, na mimi pamoja na majonzi yangu nikacheka kuliko wote.

Bwana Otto hakukasirika. "Kijiji yetu iko kwa maji maji," akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunzia msituni. "Watu ya juu mlimani walituita vyura, miaka mingi sana. Siku ya kuchagua alama, wazee yetu wakasema, sawa, tuweke chura. Sasa iko juu kabisa. Nani atatutukana tena?"

Nyapara wetu, Mzee arap Koech, alinijua tangu nilipozaliwa, na habari ya Bomet ilikuwa imemfikia. Alinivuta kando.

"Wewe kijana," akasema, "huyu mzungu amevuka bahari na chura yake. Yako umeiacha wapi? Mkataa kwao ni mtumwa. Enda Bomet uongee ukweli, hata kama watakufukuza."

Nikaenda. Baba yake Chebet alinisikiliza mpaka mwisho, amekunja uso. "Juzi ulikuwa ndovu," akasema. "Leo ni chura. Nikikataa, kesho utakuwa nini? Nyuki?"

Chebet alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, hanitazami, na nilijua kwamba nikiondoka hivyo sitamwona tena. Ndipo neno likanitoka lenyewe.

"Mzee, mtu anaweza kudanganya kwamba yeye ni ndovu. Lakini ni nani atadanganya kwamba yeye ni chura?"

Nikaona tumbo la mzee linatikisika. Alicheka mpaka akavua kofia akafutia machozi. Kwa kuwa hakuwa mjinga, alituma watu Londiani kuuliza habari zetu, na waliporudi akatuma jibu: "Alete ng'ombe. Si wanasema kelele za chura haziwazuii?" Huyo Chebet ndiye nyanya yako, na mpaka leo nikikoroma huniambia mvua iko karibu.

Sasa nisikilize. Sisemi kikundi chenu kichore chura. Wenzako wengine ni wa koo nyingine, na wengine wazazi wao walitoka Kisii wakaja kufanya kazi kwenye majani chai. Lakini nyote mmelelewa na kiazi. Kiazi ndicho kilichowanunulia sare za shule, na kiazi ndicho kilichowaleta pamoja, mkaacha kuulizana nani ametoka wapi. Simba amewafanyia nini? Chagueni kile ambacho mkiulizwa habari zake mna la kusimulia. Ukijificha nyuma ya mnyama wa watu, mwanangu, unaweza kumpoteza mtu aliyekuwa tayari kukupenda na chura wako. Mimi niliponea chupuchupu, na sitaki wewe ujaribu bahati hiyo.

Mungu awape mvua kwa wakati wake na udongo usiochoka. Viazi vyenu vijae magunia, na mtakapoipandisha bendera yenu, asiwepo kati yenu atakayeinamisha kichwa. Na mvua ikikaribia, nyamazeni kidogo, mtawasikia ndugu zangu bwawani wakiwaombea.